Umbo la Mwili na Macho ya Nyakati

Msomaji, historia si habari za wafalme na vita peke yake. Vitu vidogo navyo vina historia yao: jembe, kinu, kanga, hata ngozi ya mwili wa binadamu. Katika insha hii nataka tufuatane kuitazama historia ya jambo dogo sana, nalo ni vile vishimo vidogo vinavyoonekana katika ngozi ya mapaja na nyonga za wanawake wengi. Jambo lenyewe ni la tangu na tangu. Lakini jina lake ni jipya, na aibu iliyofuatana na jina hilo ni mpya zaidi. Wafaransa ndio waliolipa jina la selulaiti, na jina hilo likasafiri mpaka likafika katika pwani yetu ya Kilifi na Malindi. Yafaa kijana ajue lilizaliwa wapi, lilikujaje, na lilikuta nini hapa. Wako wasichana leo wanaojinyima chakula, na wengine wanaomaliza akiba yao yote, kwa kupigana na kitu ambacho si ugonjwa.

Kwanza tuutazame mwili wenyewe. Chini ya ngozi ya kila mtu liko tabaka la mafuta. Mafuta hayo si uchafu. Ni akiba ya nguvu kwa siku ya upungufu, ni kinga ya baridi, na ni mto wa kuzuia mifupa na misuli isiumizwe na mapigo. Tabaka hilo limegawanywa vyumba vidogo vidogo kwa nyuzi imara zinazoifunga ngozi na kuishikiza chini, karibu na misuli. Pengine umepata kuliona godoro la sufi lililoshonwa na fundi. Fundi hupitisha uzi kutoka juu mpaka chini, hapa na pale, kisha akaukaza. Penye uzi godoro hubonyea, na kati ya uzi na uzi sufi hufura. Ngozi ya paja la mwanamke huwa katika hali hiyohiyo: nyuzi zake husimama wima, zikaivuta ngozi chini, na mafuta yaliyo katikati yakainuka. Kwa mwanamume nyuzi hizo hupishana mshazari mfano wa wavu, na ngozi yake ni nene zaidi, kwa hiyo mafuta hayapati njia rahisi ya kusukuma juu. Hiyo ndiyo sababu ya vishimo hivi kuonekana kwa wanawake wengi na kwa wanaume wachache mno.

Sababu nyingine zinazojulikana ni hizi. Homoni ya kike iitwayo estrojeni ina sehemu yake, ndiyo maana vishimo huanza baada ya msichana kubaleghe. Urithi una sehemu yake, kwa kuwa binti huchukua umbo la mama yake na la bibi yake. Umri una sehemu yake, kwa kuwa ngozi hupungua unene na kulegea kadiri miaka inavyokwenda. Uzito nao una sehemu yake, maana mafuta yakizidi vyumba hujaa na mabonde huonekana zaidi. Lakini usidhani kwamba mwembamba ameepukana nayo. Wako wanawake wembamba sana walio nayo vilevile. Madaktari wa ngozi hukisia kwamba katika kila wanawake 100 waliokwisha kubaleghe, 80 mpaka 90 wanayo kwa kiasi fulani. Basi nakuuliza, msomaji: jambo lililo katika miili ya watu wengi kiasi hicho, tena lisiloleta homa wala kuzuia mtu kutembea, laweza kuitwa ugonjwa kwa haki gani?

Sasa tuje katika pwani yetu. Watu wa nchi hii, yaani Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Warabai wa upande wa bara, na Waswahili wa miji ya ufukoni kama Malindi, Mambrui na Takaungu, walikuwa na mawazo yao juu ya uzuri wa mwili. Ushahidi mmoja mkubwa ni vazi la hando. Hili ni vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama na ndugu zao Wamijikenda, lenye tabaka nyingi za kitambaa zilizokunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine. Mwanamke akilivaa, nyonga zake huonekana pana na nzito, na anapotembea au kucheza ngoma vazi huyumba pamoja naye. Fikiri maana ya jambo hili. Vazi halikubuniwa kuficha upana wa nyonga, lilibuniwa kuuongeza. Hata mwembamba alipovaa hando alipata umbo lililopendwa na watu wake. Siku hizi hando huonekana zaidi kwa akina mama wazee na kwa wacheza ngoma katika sherehe, lakini lingali likitufundisha jinsi macho ya watu wale yalivyotazama.

Kwa nini walipenda mwili wenye nyama? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na watu wale waliijua njaa. Nchi ya nyuma ya pwani hutegemea mvua, na mvua haina ahadi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 iliingia njaa kuu ambayo Wagiriama waliikumbuka kwa jina la Magunia. Katika nchi kama hiyo mwili uliojaa ulikuwa na habari ya kueleza: kwamba ghala la nyumba hii lina nafaka, kwamba mama huyu anaweza kunyonyesha, kwamba mgonjwa huyu amepona. Wala njaa haikwisha na karne ile. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Kilifi, kati ya kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, 37 walikuwa wamedumaa, yaani hawakufikia urefu uliostahili umri wao, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 18.

Katika miji ya Waswahili desturi zilikuwa tofauti kidogo, lakini hukumu yao haikuwa mbali. Bibi arusi alitawishwa ndani, akasuguliwa kwa singo na kufukizwa udi, ili mwili unukie na ngozi ilainike. Nje alijisitiri kwa nguo zake, na paja halikuwa jambo la barazani wala la sokoni. Itazame na lugha yenyewe, kwa kuwa lugha ni ghala la mambo yaliyowashughulisha watu. Kiswahili kina majina ya chunusi, upele, ukurutu, mba, choa, baka, kovu na makunyanzi. Kila kilichowasumbua watu katika ngozi kilipewa jina. Vishimo vya mapajani havina jina la kawaida mpaka leo. Tena kishimo kingine cha ngozi, kile cha shavuni, kimesifiwa kuwa pambo la uso. Umbo la vishimo hivyo viwili halitofautiani sana. Kilichotofautiana ni mahali na jicho linalotazama.

Miguu ya wanawake wa pwani ilijulikana zaidi kwa kazi. Waliteka maji mbali, walilima kwa jembe, walitwanga nafaka katika kinu, walibeba kuni na mizigo kichwani. Usidhani kwamba kazi yote hiyo ilikuwa heri. Malindi ilipohuishwa katika mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Unguja, mashamba yake ya mtama na ufuta yalistawi kwa jasho la watumwa, wanawake kwa wanaume, na utumwa haukufutwa kwa sheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Lakini ukitaka kujua miguu ya mwanamke iliheshimiwa kwa lipi, mkumbuke Mekatilili wa Menza. Mwanamke huyu wa Kigiriama aliwakusanya watu wake kwa ngoma ya kifudu na kwa maneno makali, wakatae kutoa vijana na kodi kwa serikali ya Waingereza. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka, na husimuliwa kwamba walirudi kwa miguu mamia ya kilomita, katika misitu yenye wanyama wakali. Hakuna msimulizi aliyeulizwa ngozi ya mapaja ya Mekatilili ilikuwaje. Watu walitaka kujua kama amefika.

Sasa twende Ulaya, tuone jina lilivyozaliwa. Huko nako zamani mwili wenye vishimo haukuwa aibu. Mchoraji Peter Paul Rubens, aliyefariki mwaka 1640, aliwachora wanawake wanene, na vishimo vya miili yao akavichora wazi bila kuvisawazisha. Picha yake ya wanawake watatu waitwao Neema Tatu, aliyoichora katika miaka ya 1630, ingali imetundikwa katika jumba la Prado mjini Madrid, na watu huiita kazi ya uzuri. Mwaka 1873 neno selulaiti lilichapwa katika kamusi ya tiba ya Wafaransa wawili, Émile Littré na Charles Robin. Lakini hapo halikuwa na maana tuijuayo leo. Waganga wa Kifaransa hutumia mwisho kama ule wa neno hilo kutaja uvimbe wenye moto, na kamusi ilieleza uvimbe wa namna hiyo katika nyama laini zilizo chini ya ngozi. Lilikuwa neno la hospitali, na maradhi yake yalikuwa maradhi kweli.

Neno lilihama kutoka hospitali kwenda dukani katika miaka ya 1920 na 1930. Wakati huo wanawake wa Ulaya walianza kufupisha nguo na kwenda ufukoni kuogelea na kuota jua, na miguu iliyokuwa imefichwa kwa karne nyingi ikawa mbele ya macho ya watu. Jarida la urembo la Ufaransa liitwalo Votre Beauté likawaandikia wasomaji wake habari za selulaiti, na pamoja na habari hizo zikaja dawa, mashine za kukanda, na mashauri ya kila namna. Mwaka 1968 jarida la Vogue liliwapelekea Wamarekani neno hilo. Mwaka 1973 Nicole Ronsard, aliyekuwa na chumba cha urembo New York, alitoa kitabu kilichonunuliwa na watu wengi sana. Kipya kinyemi ingawa kidonda: wanawake waliokuwa hawajui kwamba wana kasoro, sasa walijitazama katika kioo wakaiona.

Hata hivyo wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 1978 madaktari wawili wa Kijerumani, Nürnberger na Müller, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliipima ngozi ya wanawake na ya wanaume, wakaeleza habari ya zile nyuzi zilizosimama wima na zile zilizopishana ambazo nimekufananishia na godoro na wavu. Katika kichwa cha makala yao waliita selulaiti ugonjwa uliobuniwa. Walimaanisha kwamba walichokikuta chini ya darubini hakikuwa uvimbe wala sumu, bali umbo la kawaida la mwili wa mwanamke.

Jina hili lilifikaje kwetu? Pwani ya Malindi imezoea kupokea wageni na vitu vyao. Vasco da Gama alitia nanga hapo mwezi wa Aprili 1498, na baada ya safari za Wareno yakatufikia mahindi na mihogo kutoka Amerika, vyakula ambavyo leo hatuwezi kufikiri jikoni bila ya hivyo. Katika miaka ileile ya 1930 ambayo jarida la Ufaransa lilikuwa likieneza neno lake, hoteli za kwanza za Wazungu wapunga hewa zilifunguliwa ufukoni mwa Malindi. Katika miaka ya 1960 Waitalia walijenga kituo cha kurushia vyombo vya angani huko Ngomeni, na mwaka 1967 chombo cha San Marco 2 kikarushwa kutoka baharini. Mwaka 1968, mwaka uleule wa Vogue, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa, na watalii wakazidi, Waitalia wakiwa wengi miongoni mwao. Kila mgeni huja na mzigo wake na macho yake. Pamoja na kazi na fedha, yalikuja mavazi ya kuogelea, majarida yenye picha, na baadaye televisheni na simu za mkononi. Msichana wa leo wa Kilifi hutazama katika simu yake, kwa dakika chache, mapaja mengi kuliko bibi yake aliyoyaona katika maisha yake yote. Na mengi ya mapaja hayo yamesawazishwa kwa mashine kabla ya kuonyeshwa.

Wafanyabiashara nao hawakuchelewa. Ziko krimu, mafuta, chai za kupunguza mwili, mikanda ya kubana, na vidonge vyenye ahadi kubwa. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu chache zenye kafeini au retinoli huweza kuipa ngozi mabadiliko madogo, nayo hayadumu. Kufyonza mafuta kwa upasuaji hakukubuniwa kwa jambo hili, na huweza kuongeza mabonde. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya kulainisha zile nyuzi zinazovuta ngozi. Ilionekana kwamba sasa ufumbuzi umepatikana. Lakini kabla ya miaka 3 kutimia kampuni yenyewe iliacha kuitengeneza, kwa ajili ya michubuko mikubwa na madoa yaliyobaki katika ngozi za waliodungwa. Nchi yenye wataalamu wengi na fedha nyingi ilijaribu ikarudi nyuma. Basi kikopo kinachouzwa njiani bila jina la aliyekitengeneza kitafanya nini?

Lakini mizani ina pande mbili, msomaji, nami sipendi uondoke na nusu ya maneno. Kusema kwamba vishimo si ugonjwa si kusema kwamba unene wowote ni salama. Macho ya wazee wetu yaliuona unene kuwa baraka kwa sababu waliupata kwa nadra, na pamoja na unene huo walikuwa na jembe, kinu na mwendo mrefu. Siku hizi mambo yamegeuka. Maji yako kwenye bomba kwa waliobahatika, unga husagwa kwa mashine, na bodaboda humchukua mtu mpaka mlangoni. Mahamri, viazi karai, chipsi na soda hupatikana kila pembe ya mji. Uchunguzi wa afya wa taifa ulikuta katika mwaka 2008 na 2009 kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, 25 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kufikia mwaka 2014 walikuwa 33. Uzito huo ukizidi hufuatwa na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, nayo ni maradhi ya kweli yanayoua watu wa kweli.

Kwa hiyo ziko desturi za maisha ambazo kijana hana budi kuzishika, lakini azishike kwa sababu iliyo sahihi. Kutembea, kuogelea, kulima na kucheza mpira huimarisha misuli. Na misuli ikiimarika chini ya ngozi, vishimo huonekana vichache zaidi, ingawa havitoweki. Kula samaki, kunde, mchicha, mnavu, matunda na sima kwa kiasi, na kupunguza sukari na vya kukaanga, huzuia uzito usizidi. Kujinyima chakula kwa ghafula ni kosa, maana mwili unapokonda upesi ngozi hubaki imelegea na vishimo huzidi kuonekana, zaidi ya madhara mengine yanayompata msichana ambaye mifupa na damu yake bado inajengwa. Tumbaku hudhoofisha kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, mbali na kuharibu mapafu. Kukaa kitako kutwa nzima hakumfaidi mtu yeyote. Mashauri haya yote yanamfaa mvulana sawasawa na msichana, mwenye vishimo na asiye navyo.

Basi hebu tujumlishe. Nyuzi zile zilikuwako katika miili ya wanawake wa Gedi kabla mji ule haujahamwa, zilikuwako chini ya mahando ya akina mama waliocheza kifudu, na zipo leo kwa wanafunzi wa Kilifi, Paris na New York. Kilichobadilika ni macho. Macho ya njaa yaliona baraka, macho ya mchoraji yaliona nuru, macho ya duka yakaona faida. Wala usidhani kwamba macho ya leo ndiyo ya mwisho. Yatabadilika nayo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya wakati.

Kwa sababu hiyo, ukisikia mtu akiutaja mwili kuwa na kasoro, uliza maswali matatu ambayo mwanafunzi wa historia huuliza juu ya kila habari: Neno hili lilianza lini? Nani alilianzisha? Nani anafaidika likiaminiwa? Na wewe mvulana, uyatie maswali hayo moyoni kabla hujamcheka mwenzako wa kike ufukoni au uwanjani, kwa maana yaelekea mama aliyekuzaa yumo katika wale 80 mpaka 90 kati ya 100. Miguu tumepewa ya kutupeleka. Itunze kwa chakula, kwa kazi na kwa mapumziko, kisha uitumie kwenda shuleni, shambani, baharini na kokote kunakohitaji watu wenye nguvu na akili.